Daraja la Tatu

Neno lenyewe ni bati, wala si lile la kuezekea nyumba. Watu wa mifereji ya Uingereza walilikuta kwa babu zao, na babu zao nao walilikuta kwa wengine, na kila aliyelitamka alilitamka kwa maana yake. Kwa Keziah, bati lilikuwa boti isiyo na injini, ile inayokokotwa kwa kamba ndefu nyuma ya boti yenye injini. Alikuwa na lake. Mkiani mwake kulikuwa na chumba ambacho mtu mrefu hawezi kunyoosha miguu, na humo ndani Keziah alizaa watoto watatu, akafiwa na mmoja, akapika chakula cha ndoa nzima. Ubavuni liliandikwa Patience, yaani Subira. Hakujua kusoma, lakini aliambiwa kimeandikwa nini, na siku zake mbaya aliona kampuni iliyomiliki boti hizo inamkejeli.

Sasa alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa jana unaoondoka kwa usingizi, maana alilala na aliamka nao. Mumewe, Enoch, alikufa kwa kifua majira ya baridi, na kabla maua ya kaburini hayajanyauka kampuni ilikuja kuichukua boti yake ya injini ikampa kijana fulani na mkewe, waliokuwa na bati lao. Likabaki bati, limefungwa pale Sutton Stop, mahali boti zinapongojea makaa ya mawe kutoka migodini. Lilikaa pale likiota ukungu huku mabati mengine yakipita.

Siku moja msimamizi wa kampuni akaja ukingoni. Alikuwa mtu wa sauti laini, na sauti laini ikitoka kwa msimamizi ni ya kuogopwa.

"Mama," alimwambia, "ukipata nahodha wa kukukokota, sisi hatuna neno. Usipopata, hili tutalipeleka kwenye shimo la kokoto."

Shimo la kokoto kila mtu alilijua. Walikuwa wamechimba kokoto mpaka maji yakajaa, na kampuni ikaliona ni pahali pazuri pa kuzamisha mabati yaliyokosa kazi, moja juu ya jingine, na milango yake yenye maua ya waridi yaliyochorwa kwa mkono. Binamu yake Keziah alipita huko akasema bomba la moshi la jiko la mtu bado linachungulia juu ya maji. Keziah alimwomba asimwambie ni la nani.

Bintiye Thirza alikuwa na nyumba ya serikali mjini Banbury, na humo chumba kidogo cha kumpa mama. Keziah alikwisha kukijaribu. Usiku wa kwanza alikesha kwa sababu sakafu haikutikisika. Asubuhi mkwewe alimwuliza kama amelala vizuri, naye akajibu ndiyo, na uongo huo ulimchosha kuliko kukesha.

Kwa hiyo ikabaki njia moja, na njia hiyo ilikuwa shemeji yake Jabez, mdogo wake Enoch. Huyo ndiye nahodha pekee aliyekuwa na boti ya injini na hana bati nyuma yake. Na kwa nini hana, hiyo ilikuwa hadithi iliyochekesha baa zote tangu migodini mpaka London. Jabez alikuwa na mke, Lettice, aliyeshika usukani wa bati lake. Siku moja kamba ikakatika. Jabez, ambaye hakuwa na desturi ya kugeuka nyuma, akaenda zake na injini yake, tuku-tuku-tuku, hajui kama mke hayupo, mpaka akafika kwenye lango la maji, pale boti zinapopandishwa au kushushwa, akaita, "Bati! Sogea!" Wapi! Lettice alikuwa ameshalifunga bati kwenye ukingo, amechukua ndege wake na kizimba chake, amepanda basi. Hakurudi tena majini. Watu walipofika hapo kwenye hadithi walipiga meza, na Jabez mwenyewe akiwepo alicheka nao.

Asubuhi ya kuondoka, wanawake walikuwa bombani wakijaza ndoo. Sabina, mwenye ulimi usiojua likizo, akamwona Keziah akikunja kamba.

"Ehe, Keziah! Siku hizi wewe ndiye bati wa Jabez?"

"Bati langu ndilo litakuwa nyuma ya Jabez. Mimi ni wa kwangu."

"Haya, mama, wa kwako. Angalia tu asikudondoshe njiani kama tambara."

"Akinidondosha nitakuja kwako, Sabina. Una kitanda kikubwa."

Wakacheka, na Keziah akacheka, maana usipocheka bombani watakusema mpaka wajukuu. Lakini alipoinama kuchukua ndoo alihisi magoti yake yote mawili, na akajiuliza kama mwanamke wa umri wake anafanya jambo la akili.

Makubaliano yalikuwa ya safari moja. Wangepeleka makaa kwenye kiwanda cha karatasi karibu na London, na huko, mbele ya msimamizi, Jabez angesema kama anamtaka au hamtaki. Wakisema wanakwenda bati, ndivyo watu wa mfereji walivyowaita wawili wanaosafiri pamoja wakaelewana, basi Patience ingebaki na mwenyewe. Jabez akitikisa kichwa, ni shimo la kokoto. Kwa hiyo nyumba ya Keziah ilining'inia kwenye ulimi wa mtu mvivu wa maneno.

Wakaondoka. Jabez mbele, kofia imeshuka mpaka masikioni, mgongo kama mlango uliofungwa. Keziah nyuma, kamba ndefu kati yao, kiasi kwamba sauti haifiki hata ukipasuka koo. Ndiyo maana watu hawa walikuwa na mambo yao. Nahodha wa mbele aligeuka kila pindo la mfereji kumwangalia wa nyuma, na wa nyuma akainua mkono, basi, wameulizana hali. Enoch alikuwa na jambo jingine tena. Chini ya kila daraja mfereji hubanwa mpaka boti inakaribia kugusa jiwe, na Enoch akipita hapo, kama amechemsha chai, aliweka kopo la pili kwenye ukingo wa jiwe. Bati likafuata, Keziah akanyoosha mkono, akalichukua bila kuachia usukani. Mara nyingine kulikuwa na kipande cha mkate kilichopakwa mafuta ya nyama. Wenzao wa kaskazini, wale wa Runcorn, mkate wa namna hiyo waliuita bati pia, na Enoch alipenda kutania kwamba anaweka bati kwa ajili ya bati aliye kwenye bati.

Daraja la kwanza baada ya Sutton Stop, mkono wa Keziah ulitoka wenyewe. Ukapapasa jiwe tupu, lenye ubaridi. Akaurudisha haraka akatazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa sokoni. Daraja la pili ukatoka tena. Tangu hapo alijikaza akashika usukani kwa mikono yote miwili kila alipoona daraja, na jioni mabega yalimuuma kwa kazi hiyo ya kujizuia kuliko kazi yenyewe.

Jabez hakugeuka hata mara moja. Kwenye malango ya maji, boti mbili zikiingia ubavu kwa ubavu, ndipo walipoonana.

"Bati! Sogeza mbele kidogo!"

"Nina jina, Jabez."

"Nalijua, shemeji. Bati ni fupi."

Keziah akampa sahani ya viazi na nyama ya nguruwe, imefunikwa kwa sahani nyingine. Lango lililofuata Jabez akamrudishia sahani.

"Vipi?"

"Chumvi imezidi."

Keziah akashika usukani, lile neno bati likimzunguka kichwani. Alikumbuka babu yake mzaa mama, mchimba makaa, ambaye kwake bati alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa yule anayesimama kati ya tajiri wa mgodi na wachimbaji, anapokea kazi kwa jumla, anawagawia wanaume vijembe na matusi, na malipo anawapa baani ili nusu irudi kaunta. Babu akilitaja neno hilo alitema mate. Na bado mjomba wake, mgodi ule ule, alimwita bati mtu aliyechimba naye bega kwa bega gizani, na mtu huyo alipofukiwa na kifusi mjomba alilia kama mtoto. Keziah akiwa mdogo alimwuliza mama yake inakuwaje neno moja litemewe mate na pia limwagiwe machozi. Mama alikuwa anasugua sufuria, hakuinua kichwa. "Tazama mzigo kaubeba nani," alisema, "ndipo utajua ni bati yupi."

Jioni ya pili walifunga boti mapema juu ya malango ya Buckby. Jabez akaketi juu ya paa la chumba chake akikwangua kiko. Keziah aliona heri aseme kuliko kunyamaza.

"Shemeji, kwa nini hugeuki?"

"Nikigeuka naona nini? Si wewe tu, upo."

"Na nisipokuwepo?"

Jabez akaendelea kukwangua kiko kilichokwisha kuwa safi.

"Kaka yako alikuwa akigeuka," Keziah alisema. "Na aliniwekea chai darajani. Usidhani nakuomba. Nakuambia tu mtu alivyozoeshwa."

"Enoch alizaliwa mwema," Jabez alisema. "Mimi nilizaliwa baada yake." Akaingia ndani akafunga mlango.

Siku ya tatu, baada ya malango hayo, kulikuwa na safari ndefu isiyo na malango, mfereji unazunguka tu kufuata vilima, pindo baada ya pindo. Keziah alikuwa amesimama tangu alfajiri. Kwenye pindo moja lenye tope, Jabez alikata kona kwa mkato kama kawaida yake, na bati, lililojaa makaa mpaka mdomoni, likavutwa ndani ya tope. Likagusa chini. Kamba ikanyooka ikakamuka maji yote, ikawa nyembamba, ikalia, ikakatika. Ncha yake ikapiga maji mbele ya uso wa Keziah.

Boti ya Jabez ikaruka mbele kama punda aliyetuliwa mzigo. Na injini ikabadilika. Tangu Sutton Stop ilikuwa ikiguna kwa sauti nzito, tuku, tuku, tuku, kila mpigo na jasho lake. Sasa ikawa tukutuku-tukutuku, nyepesi, ya haraka. Keziah akautazama ule mgongo. Mgongo haukugeuka. Ukaingia chini ya daraja ukapotea.

Hakupiga kelele. Alisimama akisikiliza injini ikienda, na taratibu akaelewa jambo, na jambo hilo likamtia baridi. Hakuna nahodha asiyejua kamba imekatika. Hata mtoto wa boti aliye kwenye kitanda chake anaijua sauti ile. Boti yenyewe inakuambia kwa miguu yako, maana inaacha kutetemeka. Jabez alijua. Na kama alijua leo, alijua na siku ya Lettice. Miaka yote hiyo baa nzima ilikuwa ikimcheka mjinga, na mjinga hakuwepo.

Hasira ilimjia, lakini hasira nayo ni kazi, na Keziah hakuwa na nguvu za kazi nyingine. Alichukua mti mrefu akalisukuma bati kutoka kwenye tope mpaka ukingoni, akapigilia vigingi, akafunga. Kisha akauchomoa mkono wa usukani akaupachika juu chini, kama mtu wa mfereji anavyofanya safari ya siku ikiisha. Lakini ilikuwa mchana kweupe, na makaa bado yamo ndani. Yeyote ambaye angepita angejua kuna jambo.

Akaingia chumbani. Akatandaza shali kitandani akaanza kuweka vitu: birika la chai la mama yake, picha ya Enoch, mapambo mawili matatu ya shaba aliyoyasugua miaka mingi. Ng'ambo ya shamba kulikuwa na barabara, na barabarani basi la kwenda upande wa Banbury. Akavaa koti. Akatazama jiko, rafu, mapazia ya kusuka, ile kabati ambayo mlango wake ukifunguliwa unakuwa meza. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akaona hajala tangu asubuhi, na mtu hasafiri na njaa. Akakata mkate, akaupaka mafuta, akaketi mlangoni na koti lake.

Hapo ndipo aliposikia miguu. Jabez alikuwa akija kwenye njia ya ukingoni, peke yake, hana kofia, anahema. Alisimama. Akautazama mkono wa usukani uliopinduliwa, akautazama muda mrefu. Kisha akamtazama Keziah.

"Umevaa koti."

"Kuna baridi."

"Hakuna baridi, shemeji."

Keziah akatafuna.

"Kamba imekatika," Jabez alisema.

"Nimeona. Nilikuwepo."

"Ile injini nayo ina kelele, mtu hawezi..."

"Jabez. Wadanganye walevi. Mimi nimezaliwa hapa."

Jabez akaketi kwenye majani, pale pale, kama aliyekatwa miguu. Alionekana mzee ghafla. Akang'oa jani moja, akalichana, akang'oa jingine.

"Ilikuwa nyepesi," alisema. "Hujui ilivyokuwa nyepesi. Tangu utoto wangu nyuma yangu kuna mzigo, na mtu juu ya mzigo. Ikakatika, nikasema, nitageuka. Wacha nifike daraja moja tu hivi. Nikafika. Nikasema, moja tena."

"Unasema ya leo au ya Lettice?"

"Ya Lettice. Nilipofika langoni ikawa aibu kurudi. Nikajifanya sijui. Watu wakacheka, nikaona afadhali. Mjinga husamehewa."

"Na leo je? Umegeukia daraja la ngapi?"

Jabez akalitupa lile jani. "La tatu."

Keziah akalipima jibu hilo. Enoch angegeuka kabla ya la kwanza. Enoch angeisikia kamba ikilia kabla haijakatika. Lakini Enoch alikuwa udongoni, na shimo la kokoto lilikuwa wazi, na huyu aliyeketi hapa kwenye majani, pamoja na ubaya wake, alikuwa ametembea kwa miguu madaraja matatu kuja kuona aibu yake. Hakumpenda. Alimwonea huruma, na jambo hilo lilimuudhi.

"Nini kilikurudisha?"

"Njaa. Chakula kiko kwako."

Haikujulikana kama ni utani. Keziah aliukata mkate wake akampa nusu, akamtazama akiushika bila kuula.

"Nilikuwa nakwenda," alimwambia. "Ulijue hilo. Ungechelewa daraja moja zaidi, ungekuta paka tu."

"Huna paka."

"Basi usingekuta kitu."

Jabez akainamisha kichwa. "Nitamwambia msimamizi tunakwenda bati," alisema.

"Utamwambia tukifika. Hivi sasa boti yako iko kule na mimi niko huku. Chukua kamba uvute."

Akaingia ndani, akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake. Vile vitu vya kwenye shali hakuvipanga, alivifunika tu. Alipotoka aliuchomoa mkono wa usukani, akaugeuza, akaupachika sawa. Jabez alikuwa ameshang'oa vigingi. Akaifunga kwenye bati ile kamba iliyokatika, akaitupa begani, akainama mpaka uso ukakaribia majani, akavuta. Bati la makaa halivutwi na mtu mmoja kwa urahisi. Lilikaa kwanza, likafikiri, halafu likaanza kwenda polepole sana, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza.

"Jabez!" Keziah aliita. Kwa kuwa hapakuwa na injini, sauti ilifika.

Akageuka, kamba begani, jasho linatiririka. Alimtazama. Keziah akainua mkono, naye Jabez akarudi kuvuta.

Kwenye pindo aligeuka tena bila kuitwa. Kisha akaingia chini ya daraja la kwanza, ameinama, na Keziah hakumwona tena kwa giza la lile jiwe. Alikuwa amechoka mno hata kujizuia. Bati lilipoingia chini ya daraja, mkono wake ulitoka wenyewe kama ulivyozoea, ukapapasa ukingo wa jiwe, ukagusa kitu.

Ilikuwa nusu ya mkate aliyompa Jabez. Ilikuwa imeumwa mara moja tu, pembeni, na alama za meno bado zinaonekana kwenye mafuta.

Akaila yote.